Skrini ya LCD kupitia 74HC595: kusoma dalili na kusaka chanzo kwa multimita tu

Mama mmoja wa Mikindani anafuga kuku, na mashine yake ya kutotolesha vifaranga niliiunda mimi: boksi la mbao, balbu za kupasha joto, feni, kihisi, na bodi ya Arduino Uno inayolinda nyuzi 37.5 kwa siku 21. Pini za Uno zilikwisha kabla sijafika kwenye skrini. Vitufe 16 vilikula pini nane, mota ya kugeuzia mayai ikachukua nne, rilei moja, kihisi moja, king'ora moja. Ukitoa na mbili za mawasiliano ya USB, zinabaki tatu. Skrini ya herufi 16 kwa mistari 2 inadai sita hata ukiibana. Ndipo nikaipitishia kwenye rejista ya kusogeza, 74HC595, ambayo inapokea waya tatu kutoka Uno na kutoa nane upande wa pili.

Ilinichukua wiki nzima kuona namba kwenye skrini ile. Nilibadili chipu mbili zilizokuwa nzima, nikasubiri mzigo kutoka Kariakoo uje na basi, nikabadili na skrini yenyewe. Kumbe kosa lilikuwa waya mmoja ulioachwa hewani. Tangu hapo nimefunga skrini za namna hii Mtwara mjini, Masasi na Lindi, na naandika haya ili fundi mwenzangu asipoteze nauli, wala mayai ya watu.

Jambo moja ndilo lililonifungua macho, na kila kipimo hapa chini kinalitegemea. 595 haisahau. Ukishaipa biti nane na kuziachia zitokee kwenye pini zake, matokeo yake yanabaki vilevile mpaka uachie mengine au ukate umeme. Maana yake, unaweza kuisimamisha programu katikati, ukachukua multimita ya bei rahisi, na kupima pini moja baada ya nyingine bila haraka. Huhitaji osiloskopu. Sehemu kubwa ya makosa ya mzunguko huu hupatikana umeme ukiwa umetulia.

Ramani ya waya, na kipimo cha kwanza

Pini ya 11 ya Uno inaenda pini ya 14 ya 595; huo ndio mlango wa data. Pini ya 13 ya Uno inaenda pini ya 11 ya 595, ya kusogeza. Pini ya 10 ya Uno inaenda pini ya 12 ya 595, ya kuachia. Kisha 595 yenyewe: pini 16 kwenye volti 5, pini 8 kwenye GND (hasi ya umeme), pini 10 kwenye volti 5, na pini 13 kwenye GND. Hizo mbili za mwisho husahaulika sana. Pini 10 ikigusa GND inafuta kila biti inayoingia; pini 13 ikiwa juu inayakata matokeo yote. Ukiziacha hewani zinafuata upepo: leo mzunguko unafanya kazi, kesho umegoma.

Upande wa skrini: pini 1 GND, pini 2 volti 5, pini 3 kontrasti, pini 4 RS (ya kuambia kama ni amri au herufi), pini 5 R/W (kusoma au kuandika), pini 6 E (pigo la kupokelea data), pini 11 hadi 14 ni D4 hadi D7, na 15 na 16 ni taa ya nyuma. Mimi naunganisha 595 hivi: pini 1 kwenda RS, pini 2 kwenda E, pini 3 kwenye transista ya taa, na pini 4, 5, 6 na 7 kwenda D4, D5, D6 na D7. Pini 15 inabaki bure.

Kabla hujaunganisha skrini, pakia programu hii fupi:

```
void tuma(byte b) {
  digitalWrite(10, LOW);
  shiftOut(11, 13, MSBFIRST, b);
  digitalWrite(10, HIGH);
}
void setup() {
  pinMode(10, OUTPUT);
  pinMode(11, OUTPUT);
  pinMode(13, OUTPUT);
  tuma(0x80);
}
void loop() {}
```

Weka ncha nyeusi ya multimita kwenye GND, ncha nyekundu izungukie pini za 595. Pini 7 isome karibu na volti 5, nyingine zote karibu na sifuri. Badili 0x80 iwe 0x40: sasa ni pini 6 iliyo juu. 0x20 ni pini 5, 0x10 ni pini 4, 0x08 ni pini 3, 0x04 ni pini 2, 0x02 ni pini 1, na 0x01 ni pini 15. Zipime zote nane. Ni dakika kumi, na ukimaliza unakuwa umeivua lawama nusu nzima ya mzunguko.

Matokeo yakiwa tofauti, yenyewe yanakuambia kosa liko wapi. Ulituma 0x80 na pini 15 ndiyo iliyo juu? Mpangilio umegeuka, mahali fulani umeandika LSBFIRST. Biti zimesogea hatua moja, yaani ulitarajia pini 7 ukaipata pini 6? Angalia kama pini ya kusogeza na ya kuachia zimegusana, maana zikipigwa pamoja sehemu ya kuachia hubaki nyuma kwa hatua moja. Zote sifuri na zimetulia? Pima pini 10 ya 595, kisha ufuate waya ya data. Zote zinayumba na kubadilika ukisogeza kidole? Pini 13 ya 595 haijafika GND. Na ukitaka kujua kama mapigo ya kusogeza yanatoka kweli, taa ndogo iliyo kwenye bodi ya Uno imeungwa na pini ya 13. Tuma baiti mfululizo na utaiona inapepesa.

Baada ya hapo funga skrini, urudie kipimo kilekile, ila safari hii ncha nyekundu iguse pini za skrini yenyewe. Waya za jampa zinadanganya. Nimeshakutana na waya mpya kabisa, plastiki nzima, shaba imekatika ndani.

Taa inawaka, skrini haina kitu chochote

Hapa usiguse programu kwanza. Tatizo liko pini 3. Potenshomita ya kilo-omu 10, ile mafundi redio wanayoiita volyumu, mguu mmoja kwenye volti 5, wa pili GND, wa katikati kwenye pini 3. Kinachoonekana kwenye kioo kinategemea tofauti kati ya pini 2 na pini 3, na skrini nyingi za volti 5 huonekana vizuri pini 3 ikiwa kati ya volti 0.4 na 1. Ukiacha volyumu katikati unapata volti 2.5, na hapo kioo kinabaki kitupu hata kama kila herufi imeandikwa sawasawa ndani.

Kuna kipimo cha haraka: gusisha pini 3 moja kwa moja na GND. Skrini iliyo hai, hata ambayo haijapewa amri yoyote, itatoa vijisanduku vyeusi kwenye mstari wa juu. Vikitokea, skrini ni nzima. Visipotokea, pima volti kati ya pini 1 na pini 2 za skrini, siyo kwenye bredibodi. Soma pia maandishi nyuma ya bodi ya skrini kabla ya kuiwasha mara ya kwanza, maana pini 15 na 16 hazifuati mpangilio mmoja kwa kila mtengenezaji.

Vijisanduku vyeusi mstari wa juu, havibadiliki

Hii ndiyo dalili inayoletwa kwangu kuliko zote, na ndiyo inayowafanya watu watupe skrini nzima. Vijisanduku maana yake umeme upo, kontrasti ipo, ila kidhibiti cha ndani, HD44780 au mwigo wake, hakijapokea amri za kuanza. Kinangoja. Kwa hiyo swali ni moja: kwa nini amri hazifiki?

Anza na R/W, pini 5. Sisi tunaandika tu, hatusomi, kwa hiyo iungwe GND. Ndani ya HD44780 pini za RS, R/W na data zimevutwa juu kidogo, na hii ndiyo sababu ya balaa: R/W ikiachwa hewani haikai katikati, inapanda, na skrini inadhani unataka kusoma. Kila E inapopanda, badala ya kupokea, yenyewe inasukuma data kwenye waya zilezile ambazo 595 inazisukuma. Zinapigana. Huu ndio waya wangu wa Mikindani, ule uliokula wiki. Kuutambua ni rahisi ukijua cha kutafuta: simamisha programu E ikiwa juu, pima D4 hadi D7, na utakuta volti za ajabu kama 1.8 au 3, ambazo si juu wala chini. Pini ya 595 ikionyesha volti ya katikati, kuna kitu kingine kinaivuta.

Kisha angalia namna unavyoipiga E. Skrini hupokea data E inaposhuka, lakini RS inatakiwa iwe imeshatulia kabla E haijapanda. Ukiwa umeunga skrini moja kwa moja kwenye Uno hili hujitokeza lenyewe, kwa kuwa unaandika pini moja moja. Kwa 595 matokeo yote nane hubadilika kwa pamoja. Mtu akituma RS, data na E kwenye baiti moja, vyote vinapanda sekunde ileile, na RS haina nafasi ya kutangulia. Akishusha E huku anafuta data kwenye baiti hiyohiyo, data inakimbia wakati inasomwa. Kwa hiyo kila nusu baiti (biti nne) inatumwa mara tatu: E chini, E juu, E chini, na data haiguswi katikati.

```
void nusu(byte n, byte rs) {
  byte b = (n << 4) | 0x08;
  if (rs) b = b | 0x02;
  tuma(b);
  tuma(b | 0x04);
  tuma(b);
  delayMicroseconds(100);
}
```

Hiyo 0x08 ni taa ya nyuma. Ukiisahau, taa itazimika kila unapoandika.

Halafu utaratibu wa kuanza. Hauna njia ya mkato. Baada ya umeme kutulia subiri zaidi ya milisekunde 15, mimi naweka 100. Tuma nusu baiti 3, subiri zaidi ya milisekunde 4.1. Tuma 3 tena, subiri zaidi ya mikrosekunde 100. Tuma 3 ya tatu. Tuma 2, na hapo ndipo skrini inaingia kwenye waya nne, yaani inapokea data kwa D4 hadi D7 tu badala ya waya nane. Kuanzia hapo kila baiti inakwenda kwa nusu mbili, ya juu kwanza: 0x28, 0x08, 0x01, 0x06, 0x0C. Amri ya 0x01 ni ya kufuta kioo na inachukua muda mrefu, zaidi ya milisekunde 1.5, mpe 3. Amri nyingine zinahitaji mikrosekunde 37 kidhibiti kikienda kwa kasi yake ya kilohezi 270, lakini miigo mingine ni mizito, ndiyo maana nimeweka 100 kwenye `nusu`.

Mwisho, waya za data zilizopishana. Wengi hudhani D4 na D5 zikibadilishana utaona herufi zisizo sahihi. Si hilo tu: utaratibu wa kuanza wenyewe unavurugika. Fuatilia: 3 ni biti mbili za chini zote juu, kwa hiyo 3 inapita salama hata waya zikipishana. Ila ile 2 ya kuingia waya nne inageuka kuwa 1, na skrini haiingii kwenye waya nne pale inapotakiwa, kwa hiyo amri zinazofuata zinasomwa vibaya. Kwa hiyo usingoje herufi zikuonyeshe kosa la waya. Rudi kwenye 0x80, 0x40, 0x20, 0x10 na multimita.

Inaanza ukibonyeza reset, ila si ukichomeka umeme. Au kinyume chake

Ni dalili mbili zinazofanana kwa mbali, na vyanzo vyake havihusiani.

Ikiwa haianzi ukichomeka umeme ila inaanza ukibonyeza reset, umewahi mno. Chaja dhaifu hupandisha volti polepole, na Uno inaanza kutuma kabla skrini haijaamka. Ongeza subira ya mwanzo. Jambo la pili: 595 ikiwashwa, matokeo yake ni ya kubahatisha, na E inaweza kuwa juu tangu mwanzo. Amri ya kwanza kabisa kwenye `setup`, mara baada ya `pinMode`, iwe `tuma(0)`, hata kabla ya kusubiri. Ukitaka usalama zaidi, itoe pini 13 ya 595 kwenye GND, ivute volti 5 kwa rezista ya kilo-omu 10, na pini moja ya Uno iishushe programu ikiwa tayari; E nayo ivutwe GND kwa rezista kama hiyo, isibaki hewani. Hiyo inakula pini ya nne, kwa hiyo kwenye mashine ya Mikindani sikuiweka.

Ikiwa inaanza vizuri ukichomeka umeme lakini reset inaleta vurugu, programu yako imeruka zile 3 tatu. Reset inaizima na kuiwasha Uno peke yake. Skrini inabaki na umeme, bado iko kwenye waya nne, pengine imepokea nusu moja ya baiti na inangoja nyingine. 3 tatu mfululizo ndizo zinazoirudisha mahali panapojulikana, hata kama ilikuwa wapi.

Herufi za ajabu

Mistari miwili imefunguka, kioo kimesafika, lakini maneno hayasomeki. Basi yaelekea waya za data ni nzima, kwa sababu amri za kuanza zimepita humohumo. Tafuta kwenye muda na kwenye hesabu ya nusu baiti.

Andika UUUU. Kisha andika ABCD. U ni 0x55, nusu zake mbili zinafanana, kwa hiyo haijali zimekatwa wapi. A ni 0x41, B 0x42, C 0x43, D 0x44. Skrini ikiwa imeteleza nusu moja, inazipokea kama 14, 24, 34, na kwenye kioo unaona nafasi tupu, alama ya dola, halafu 4. Ukiona UUUU iko sawa na ABCD imegeuka `$4`, hesabu imeteleza. Ama kuna E iliyopigwa mara moja zaidi, ama kuna nusu moja haikupokelewa kwa sababu ulituma ya pili haraka mno.

Haraka inakuja hasa mtu anapoacha shiftOut na kutumia SPI, njia ya ndani ya chipu ya Uno ya kutuma biti kwa kasi, ili programu iende haraka. shiftOut ni ya polepole na kwa hilo inakulinda bila wewe kujua. SPI ya megahezi 8 inamaliza baiti kwa mikrosekunde moja, na ule muda uliokuwa unakwenda kwenye kusogeza biti unatoweka. Pigo la E lenyewe halina shida, maana kwa volti 5 linahitaji nanosekunde 230 tu. Kinachokosekana ni zile mikrosekunde 37 za kutekeleza. Kwa kuwa R/W iko GND huwezi kuiuliza skrini kama imemaliza, kwa hiyo subira lazima uiandike mwenyewe.

Maneno yakiwa sahihi lakini yanapotea mwishoni, hapo hakuna kilichoharibika. Mstari wa juu una nafasi 40 ndani, kioo kinaonyesha 16. Herufi ya 17 haishuki mstari wa pili, inajificha. Mstari wa pili unaanza anwani 0x40, kwa hiyo tuma amri 0xC0 kwanza. Na mstari wa pili usipowaka kabisa, uliandika 0x20 mahali pa 0x28.

Chipu ya moto, taa hafifu

Umeunga taa ya nyuma moja kwa moja kwenye pini ya 595. Chipu nzima haipaswi kupitisha zaidi ya miliampea 70, na taa za skrini nyingine peke yake zinazidi hapo. Weka transista kama BC547 au 2N2222, rezista ya kilo-omu 1 kwenye mguu wake wa kuamrishia, na taa ipate umeme wake kutoka volti 5.

Bodi ya volti 3.3

Ukitumia ESP32 huku 595 ikiwa kwenye volti 5, unaweza kukuta inafanya kazi mezani na kugoma kwa mteja. 74HC595 kwenye volti 5 inahesabu juu kuanzia karibu volti 3.5, na ESP32 inatoa 3.3. Unaomba, huamrishi. Suluhisho la bure: ipe 595 volti 3.3, skrini ibaki kwenye 5. HD44780 inatambua juu kuanzia volti 2.2, kwa hiyo inaelewana nayo vizuri, mradi R/W iko GND ili isirudishe volti 5 kwenye chipu. Ukipata 74HCT595, hiyo inakubali volti 2 kama juu na inaweza kubaki kwenye 5.

Ukiletewa 74HC164

Hutokea: umeagiza 595, kwenye bahasha kuna chipu ya miguu 14. Usiirudishe Dar. 164 inasogeza biti vilevile, ila haina sehemu ya kuachia, kwa hiyo matokeo yake yanatembea wakati unasogeza. Ukiunga E kwenye pini yake yoyote, skrini itapigwa ovyo biti zinapopita. Ondoa E kwenye chipu, iunge moja kwa moja na ile pini ya Uno uliyokuwa unatumia kuachia. Sogeza biti nane E ikiwa chini, kisha piga E mara moja. RS na data zinaweza kuyumba zinavyotaka; skrini haizitazami mpaka E ipande. Waya ni tatu zilezile.

Joto na chumvi ya bahari

Niliwahi kufunga skrini kwenye mizani ghalani Tandahimba, msimu wa korosho. Asubuhi maandishi yalikuwa safi, mchana juani kila nafasi tupu ilikuwa na kivuli cha kijisanduku, na wakulima hawakuweza kusoma kilo zao. Kioo kikipata joto kinahitaji volti ndogo zaidi kuwa cheusi, kwa hiyo kontrasti uliyoiweka asubuhi inazidi. Rekebisha volyumu saa ambayo mashine itakuwa na joto lake la kazi. Skrini ya mashine ya vifaranga usiipachike kwenye ukuta wa boksi ulio karibu na balbu.

Pwani tuna adui mwingine. Kuanzia Msimbati hadi Kilwa upepo unabeba chumvi, na karibu na mashamba ya chumvi ya Lindi bredibodi inaota ukungu wa kijani kwenye klipu zake kabla hata mradi haujakwisha. Dalili yake ni skrini inayokubali ukiigonga. Kwenye kazi ya mteja usiache bredibodi. Lehemu kila kitu, soketi ya chipu ikiwemo, safisha kwa spiriti, acha ikauke kabisa, kisha paka upande wa risasi rangi ya kucha isiyo na rangi. Usipake kwenye volyumu.

Rilei ikilia, skrini inavurugika

Mashine ya Mikindani iliposimama sawa, ilikaa siku mbili. Siku ya tatu mama akanipigia: "Mwanangu, mashine inaandika Kichina." Joto lilikuwa sahihi, rilei inakata na kuwasha kama kawaida, ila kioo kimejaa alama. Akizima na kuwasha inarudi. Hakulala usiku ule, akikaa na kipimajoto cha zebaki mkononi, na hilo liliniuma.

Chanzo ni kelele ya umeme. Rilei inapofunga na kufungua balbu na feni, waya zilizo jirani zinapata mshtuko mdogo. Mshtuko kwenye waya ya kusogeza baina ya ujumbe na ujumbe hauna madhara, kwa sababu baiti inayofuata inasukuma biti zote nane nje. Mshtuko kwenye waya ya kuachia unaachia kilekile kilichokuwepo. Lakini mshtuko kwenye E ni nusu baiti ya uongo, na kuanzia hapo hesabu imeteleza mpaka uanze upya. Kwa hiyo waya ya E ndiyo ya kulindwa. Mimi nilikuwa nimeweka 595 jirani na Uno, na utepe mrefu wa waya saba hadi kwenye skrini mlangoni. Niligeuza: 595 ikakaa mgongoni mwa skrini, E ikawa na urefu wa sentimita tatu, na zile waya tatu ndefu zikabaki upande wa Uno, ambako kelele ina madhara madogo.

Pamoja na hilo, weka kapasita ya nanofaradi 100, ile iliyoandikwa 104, kati ya pini 16 na pini 8 za 595, miguu yake mifupi kadiri inavyowezekana. Weka nyingine ya mikrofaradi 100 kwenye umeme wa skrini. Kama rilei yako si ya bodi iliyokamilika, weka diodi 1N4007 sambamba na koili yake, mstari wake ukielekea chanya. GND ya skrini na 595 iende Uno kwa waya wake, isipitie kwanza kwenye rilei. Waya za volti 230 zipite mbali, na kama lazima zikutane na za skrini, zikatane kama msalaba, zisilale pamoja. Chomoa plagi kabla ya kugusa upande huo.

Kisha kwenye programu, kila baada ya dakika tano, narudia 3, 3, 3, 2 pamoja na subira zake, halafu 0x28, 0x06, 0x0C, na kuandika mistari yote miwili upya. Naruka 0x01 ili kioo kisipepese. Inachukua sehemu ndogo tu ya sekunde, na naifanya mara tu baada ya kusoma kihisi, wakati mota ya mayai imesimama.